Mtoto wa Mungaa

Dodoma,
2 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi huku tunaendelea, ila habari za Enock naomba ukae chini ndipo uzisome.

Nimeacha kukupigia simu. Jumamosi nilikueleza jambo zito dakika kumi nzima, ukawa unaitikia "haya, haya, sawa mwanangu," mwisho ukaniuliza kama huku vitunguu vimepanda bei. Hukusikia kitu. Basi nakuandikia kwa kalamu kama unavyotaka siku zote mwalimu wangu, na Paskali kondakta ameahidi kukukabidhi mkononi.

Unajua Enock yuko kwangu tangu Julai, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Unajua pia nilijitolea kumpa figo yangu moja, na kila kipimo kilikubali. Kundi la damu letu moja, tishu zinaendana, moyo wangu mzima. Nilikuwa nahesabu siku. Wiki iliyopita Daktari Peniel akaniita ofisini akaniambia hapana. Nimekataliwa, mama.

Nitakueleza taratibu. Walimtoa Enock kinyama kidogo cha figo ili wajue nini kinaila, na kinyama hicho kikaletwa maabara kwetu. Nilikikata mimi mwenyewe kabla sijasoma jina. Kuna rangi tunayotumia, inapaka kovu bluu. Nilipoweka chini ya hadubini nikaona bluu tupu, kama sare za watoto mstarini. Nikasema moyoni, huyu mgonjwa, maskini, figo zake zimekwisha. Ndipo nikasoma jina.

Ndani ya kila seli kuna vitu vidogo sana vinaitwa mitokondria. Kazi yake ni kama meko ya jikoni, ndiyo yanayowasha moto wa kuendesha seli. Figo inahitaji moto mwingi kwa sababu haipumziki hata dakika. Mitokondria za Enock zina hitilafu. Seli zake zinakosa nguvu, zinatoa sumu kama kuni mbichi zinavyotoa moshi, zinakufa, na mwili unakuja kuziba pale kwa kovu. Kovu halichuji kitu. Kisukari chake kimetokea hukohuko. Masikio yake pia, ambayo sisi tulisema yameharibiwa na mashine ya kukamua alizeti. Na masikio yako mama, na sukari yako. Ni ugonjwa mmoja.

Mitokondria mtoto hupewa na mama peke yake, baba hachangii. Nakuomba usijilaumu, na wewe ulipewa na bibi. Lakini ndiyo maana nimekataliwa. Damu yangu walipoipima hawakuona kitu, ila daktari anasema kwenye damu ugonjwa huu hujificha, unaweza kuwa umelala figoni mwangu. "Ndugu wa tumbo moja, hapana," kasema. Hatoi mtu figo kwa kubahatisha.

Moyo wa Enock nao umeanza kuchoka. Jopo la upandikizaji linakaa tarehe 8 Novemba, na daktari anasema akikosa kikao hicho hatastahimili kusubiri kingine. Figo ya mtu baki hawaipokei, anatakiwa ndugu wa upande wa baba, na baba alizaliwa peke yake. Kwa hiyo nauliza, unisamehe ulimi wangu. Je, baba aliwahi kuzaa nje? Sitamhukumu marehemu, naapa. Lakini kama mtoto huyo yupo, ndiye anayeweza kumwokoa Enock.

Mwanao,
Yunisi Filipo


Kinyangiri,
8 Septemba 2024

Yunisi mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata. Mwandiko wako bado unalalia upande kama mlevi, na nilikwambia tangu darasa la pili ushike kalamu juu kidogo.

Masikio yangu yaliharibiwa na kwinini. Sindano saba, Mungaa, mwaka tisini na tano. Nilizihesabu mwenyewe. Sasa mmepata neno jipya la hospitali na mwenye kosa amekuwa mama. Haya, nimekubali, mzigo mwingine tena juu ya mingine.

Baba yako Filipo alikuwa fundi seremala na mzee wa kanisa miaka kumi na tisa. Mabenchi wanayokalia watu hapa Kinyangiri ni kazi ya mikono yake. Usimfukue. Hakuna mtoto wa Filipo aliye nje. Nimekujibu, na sitaki kuulizwa tena.

Wewe umekataliwa, basi umekataliwa. Nikwambie ukweli, nilipofika pale nilimshukuru Mungu, kwa sababu tangu Julai nilikuwa nakuona umelala umepasuliwa. Halafu nikaona aibu ya kushukuru, maana yule mwingine naye ni mwanangu. Nikaiweka barua chini ya biblia nikaenda kupembua mtama. Mtama wenyewe sikuuona.

Mwambie daktari atafute mtu mwingine. Dunia ina watu wengi. Kuku wawili nimempa Paskali, mmoja ni wa Enock, usimpikie na chumvi.

Mama yako,
Emiliana


Dodoma,
20 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Kuku tumewapata, mmoja kafa njiani.

Juzi Enock ameanguka bafuni. Nimemwinua mwenyewe, na mama, amekuwa mwepesi. Mtu aliyekuwa anabeba magunia mawili ya alizeti pale kiwandani Singida, mimi nimemwinua peke yangu. Nilipomlaza akaniambia, "Usimwandikie mama hili." Nakuandikia.

Umesema nisikuulize tena. Sikukuuliza, nimeuliza wengine. Hapa kanisani kuna bibi mmoja anatoka Mungaa, na nilipomtajia Filipo seremala akataka kuondoka. Nikambembeleza. Anasema zamani nyinyi mkiishi kule, wewe ukifundisha, kulikuwa na msichana anaitwa Agripina aliyekuwa anashona sare za shule. Anasema baba alimzalisha. Agripina alitokwa na damu siku ya kujifungua, akafa. Mtoto hakufa.

Umesikia, mama? Mtoto hakufa! Bibi hajui kama ni wa kike au wa kiume, hajui nani alimchukua, yeye wakati huo alikuwa ameshaolewa huku. Lakini mahali fulani nina ndugu wa baba mmoja. Mama yake mwingine, mitokondria zake nzima. Najua inakuuma kusikia habari za Agripina. Najua ndiyo maana ulinijibu kwa ukali. Nisamehe, lakini sina muda wa kuona haya. Jumamosi ya tarehe 5 Oktoba nimepata ruhusa kazini. Nakwenda Mungaa kumtafuta, na nikimpata nitampigia magoti.

Mwanao,
Yunisi


Kinyangiri,
23 Septemba 2024

Enock,

Hii usimwonyeshe mdogo wako. Nimemwambia Paskali akupe wewe mwenyewe siku ya mashine, Yunisi akiwa kazini.

Mzuie asiende Mungaa. Mwambie umezidiwa, mwambie akae na wewe, mwambie lolote. Tangu utoto anakusikiliza wewe kuliko mimi.

Kuna neno moja ninalo. Nikilisema nakupa wewe uhai na yeye namnyang'anya kitu ambacho hatakipata tena popote. Nisiposema, basi wewe

Siwezi kumaliza sentensi hii. Nimefundisha watoto miaka thelathini na mbili kumaliza sentensi, na hii imenishinda.

Mama yako


Dodoma,
28 Septemba 2024

Mama shikamoo,

Naandika nikiwa kwenye mashine, mkono mmoja umefungwa mipira, kwa hiyo kalamu nyekundu weka mbali.

Sentensi yako nakumalizia mimi. Yunisi hukumzaa.

Nilikuwa na miaka mitano kasoro. Hukuwa na tumbo, mama. Uliondoka asubuhi kwa baiskeli ya baba, umenuna, hata mimi hukuniaga. Ukarudi mchana mtoto yuko mgongoni. Ukanikalisha kwenye kigoda ukaniambia, "Huyu ni mdogo wako. Mtu akikuuliza, sema mama amejifungua." Mwezi huohuo tukahamia Kinyangiri ambako hakuna aliyejua. Walioniuliza niliwaambia mama amejifungua. Nimesema hivyo miaka ishirini na saba, na wala halikuwa jambo gumu, maana yule ni mdogo wangu kweli.

Mengine nimeyaunganisha hapahapa kitandani. Alipokuwa ananieleza mambo ya mitokondria, anachora kwenye karatasi mama, mtoto, mtoto, na mishale, nikaona palepale kwamba mshale mmoja amekosea. Nikajifanya sielewi. Akaniita kichwa ngumu.

Sasa nisikilize. Usimwambie. Leo umwambie mtu "mimi siye niliyekuzaa," kesho umwambie "panda kitandani ukatwe," hiyo si haki hata kwa mbuzi. Atatoa, unamjua, atatoa huku analia. Sitaki figo ya namna hiyo. Ukimwambia kwa ajili yangu nang'oa mipira hii narudi Singida nikafie kwenye mashudu ya alizeti.

Kumzuia nimejaribu. Nimejilaza, nimelalamika tumbo, nimekohoa. Akaniwekea maji karibu na dawa karibu, akasema safari ya Jumamosi ijayo iko palepale.

Naogopa, mama. Sitakudanganya. Nikilala chali napumua kama mtu aliyepanda mlima wa Sekenke kwa miguu. Lakini hilo ni langu, usilichanganye na lile.

Enock


Mungaa,
5 Oktoba 2024

Mwalimu Emiliana,

Naandika kwenye meza ya Mzee Isaka, katekista mstaafu. Amenipa karatasi na ametoka nje, nadhani ananionea huruma.

Nimempata mtoto wa Mungaa.

Nilimwambia mzee namtafuta ndugu yangu, mtoto wa Agripina mshonaji. Akasema, "Ah, yule binti. Mke wa yule seremala ndiye aliyemchukua. Mwalimu. Alikuja siku ya tisa na baiskeli, hakumsalimia mtu, akamfunga mtoto mgongoni akaondoka." Mimi bado sikuelewa. Ona nilivyo mjinga, nikamuuliza, "Sasa mwalimu huyo alimpeleka wapi?" Mzee akaniangalia sana. Akaenda ndani akaleta daftari lake la zamani la waliobatizwa, akaniwekea kidole. Amezaliwa tarehe 14 Machi 1997. Yunisi, binti wa Agripina.

Siku yangu ya kuzaliwa. Jina langu.

Tangu tarehe 2 Septemba nilikuwa nakulilia kwamba nimekataliwa kwa sababu nimetoka tumboni mwako. Ulikuwa unajua sijatoka humo. Ulikuwa unajua figo yangu nzima. Enock anaanguka bafuni, mimi nazunguka kutafuta mtu ambaye ni mimi, na wewe unaniandikia habari za mwandiko na kuku! Ukaandika kwamba hakuna mtoto wa Filipo aliye nje. Mwalimu, hilo lilikuwa jibu gani?

Nina maswali mawili. La kwanza, kama Enock asingeumwa, ungeniambia lini? La pili sijui kuliandika. Kila mara ukiniita mwanangu, ulikuwa unakumbuka?

Kaburi nimelikuta. Lina majani mengi. Nimeyang'oa kwa mikono.

Yunisi


Kinyangiri,
11 Oktoba 2024

Yunisi,

Nimesoma barua yako mara nne. Nitajibu maswali yako kwanza, halafu mengine.

Ningekwambia lini? Nisingekwambia. Ningekufa nalo. Nimejaribu kutafuta jibu zuri kuliko hilo, sina.

Kila nikikuita mwanangu nilikuwa nakumbuka? Mwaka wa kwanza, ndiyo, kila siku. Halafu siku moja ulikuwa unatambaa ukaingiza kidole kwenye jivu la moto, ukalia, ukanitafuta mimi, na baba yako alikuwa karibu zaidi. Tangu hapo nikawa nasahau. Nilikuwa nakumbuka mwezi wa tatu tu, siku yako ya kuzaliwa, kwa sababu ilikuwa pia siku aliyokufa yeye.

Sasa usikie nilivyokuchukua, na usinipambe. Agripina alinishonea gauni mimi mwenyewe, mimba ya mume wangu ikiwa tumboni mwake, akanipima urefu wa mkono tukicheka. Nilipojua nilimwambia asikanyage tena mlangoni kwangu. Aliumwa uchungu siku mbili. Nilisikia. Sikwenda. Alipokufa sikwenda kuzika. Siku ya tisa nilipanda baiskeli kwa hasira. Nilitaka nimwone mtoto nimchukie vizuri. Nikakuta uko kwenye kikapu, unalia, na bibi mmoja anakupa maji ya mtama kwa kijiko kwa sababu maziwa hayakuwepo. Nikasahau nilichokuja kufanya. Ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa mtu mwema, nilikuwa mtu aliyesahau.

Jina alikupa yeye kabla hajafa. Sikulibadilisha.

Kilichonifanya nifiche ni hiki. Huku kwetu ukoo tunaufuata kwa mama, unajua. Mtoto asiye na mama hana ukoo, hana mjomba, hana mahali pa kusimama kwenye msiba. Nikawaambia kaka zangu nimezaa. Bibi yako akakutaja mbele ya wazee kuwa mtoto wa ukoo. Uongo ukishatajwa mbele ya wazee unakuwa mgumu kuliko jiwe, na kila mwaka ulikuwa unazidi kuota mizizi, na wewe ndiwe uliyekuwa umesimama juu yake.

Ulipoandika umekataliwa, nilijua neno langu moja lingefungua mlango. Nilinyamaza. Tangu nilipokujibu mpaka leo ni siku thelathini na tatu, na Enock alikuwa anakwisha kila siku katika hizo. Kwanza nilidhani naogopa kukupoteza. Halafu nikajua naogopa kitu kibaya zaidi. Naogopa useme: alinificha miaka yote, akanifichua siku alipohitaji kiungo cha mwili wangu kwa ajili ya mtoto aliyemzaa. Na ungekuwa na haki ya kusema hivyo.

Kwa hiyo sikuombi figo. Ukisema hapana, sitakuuliza kwa nini, wala Enock. Yeye ameshanikataza. Anajua tangu utoto, alikuona ukiletwa.

Sijui niweke saini gani.

Emiliana


Dodoma,
19 Oktoba 2024

Mama Enock,

Bado nina hasira, na sitaiacha kwa sababu tu una mwandiko mzuri.

Enock nimempa barua yako akaisoma. Amenigomea siku tano. Hali, haongei, anageukia ukutani. Jana nikamwambia hivi: "Wewe na mama mmekaa miaka ishirini na saba mkiamua niambiwe nini. Figo ni yangu. Hili naamua mimi." Akalia. Sijawahi kumwona Enock analia, hata baba alipokufa. Halafu akaomba uji.

Nimekwenda kwa Daktari Peniel na karatasi aliyoninakilia Mzee Isaka kutoka daftari lake la ubatizo. Damu zetu watazilinganisha upya, lakini jopo halitafungua faili bila kiapo cha mama. Uandike kwamba hukunizaa, mbele ya hakimu, na ndugu mmoja wa ukoo wako asaini kama shahidi. Kwa hiyo itabidi umwambie Mjomba Joseph. Najua maana yake kwako. Kiapo kifike kabla ya tarehe 8 Novemba. Enock tangu jana yuko kwenye oksijeni.

Fanya haraka.

Yunisi


Kinyangiri,
1 Novemba 2024

Kwa Mwenyekiti,
Jopo la Upandikizaji Figo,
Dodoma.

YAH: KIAPO KUHUSU UZAZI WA YUNISI FILIPO

Mimi Emiliana, mwalimu mstaafu, umri miaka sitini na miwili, mkazi wa Kinyangiri, Wilaya ya Mkalama, naapa na kutamka yafuatayo.

Kwamba Enock Filipo nilimzaa mimi.

Kwamba Yunisi Filipo sikumzaa. Alizaliwa na marehemu Agripina, Mungaa, tarehe 14 Machi 1997. Baba yao ni mmoja.

Kwamba niliudanganya ukoo wangu, kanisa langu na Yunisi mwenyewe, na hakuna aliyenilazimisha.

Hakimu amenishauri niishie hapo kwa kuwa mengine jopo halikuyauliza. Nimemwomba aniache niendelee, maana mimi ndiye ninayeapa.

Kwamba nilimchukua akiwa na siku tisa. Kwamba alipougua surua nilimbeba mgongoni mpaka barabara kuu nikasimamisha lori la vitunguu, na kwamba aliyelia njia nzima ni mimi. Kwamba nilimfundisha kusoma, kuandika na kukamua mbuzi. Kwamba hapendi kisu tangu utoto, hata kuchinja kuku hutoka nje, na daktari lazima alijue hilo.

Kwamba siku ya kupasuliwa, naomba mtu amuulize mlangoni kama bado anataka. Amuulize zaidi ya mara moja. Akisita, hata akiwa ameshalazwa, mrudisheni wodini na msimuulize sababu. Nasema hivi nikijua kwamba anayesubiri chumba cha pili ni yule niliyemzaa.

Nimeandika kwa mkono wangu, na akili zangu ni timamu.

Emiliana

Shahidi: Joseph, kaka wa mwenye kiapo. Nilikataa kusaini siku mbili. Sasa nimesaini kwa sababu ya figo tu. Kwenye ukoo wetu Yunisi hajatoka, na mwenye kubisha aje kwangu.


Dodoma,
29 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo.

Juzi tumepasuliwa. Nimekaa leo kwa mara ya kwanza, na nikicheka naumia, kwa hiyo Enock nimemkataza kuongea. Daktari Peniel anasema figo ilianza kukojoa kabla hawajamfunga tumbo. Enock anamwonyesha kila nesi mfuko wake wa mkojo kama mtu aliyepata kombe. Anapumua kwa pua zake mwenyewe. Mitokondria za Agripina zinafanya kazi ndani ya mwanao, mama. Tukipona tutakwenda Mungaa sote watatu, lile kaburi linahitaji jembe.

Nina jambo la kukwambia. Asubuhi ile mlangoni nesi aliniuliza kama bado nataka. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena. Mara ya tatu nikakasirika, nikamuuliza kwani ana nini. Akasema, "Dada, kuna maagizo kwenye faili lako." Nikaomba niyaone. Mwandiko wako niliutambua kabla sijasoma neno. Nikasoma nikiwa nimelala kwenye kile kitanda cha magurudumu, watu wamesimama wananisubiri na kofia zao. Nilisoma pale uliposema nirudishwe.

Nikawaambia nisukumeni.

Sasa njoo. Panda basi la Paskali Jumatatu, Mjomba Joseph atakusindikiza. Uniletee mlenda mkavu, Enock bado amekatazwa, atakula kwa macho. Na ukifika ongea kwa sauti ile yako kubwa, wodi nzima isikie, maana nesi wa zamu ameniuliza jina la mama aandike, nikamwambia asubiri, mwenyewe anakuja kujitaja.

Mwanao,
Yunisi